Nduaro mweusi kwenye ukingo wa mwamba: chambo, breki na kushika lida

Nduaro mkubwa, yule samaki wa baharini mwenye mdomo mrefu kama mkuki, mara chache humponyoka mvuvi kwa sababu mvuvi hana nguvu. Huponyoka kwa sababu chambo kilikuwa kinapinduka badala ya kuogelea, au breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ilikazwa kwa kukisia, au mtu alikamata lida (kipande kinene cha mshipi kilicho karibu na ndoana) vibaya samaki akiwa mita tano kutoka tezi. Mengi kati ya hayo huamuliwa asubuhi, chombo kikiwa bado kimetia nanga. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa sana kwenye chambo na breki, na hayatumii maneno mengi kusifu misuli.

Samaki, msimu na mahali

Tunayemzungumzia hapa ni nduaro mweusi, kwa jina la kitaalamu Istiompax indica. Mtambue kwa mapezi ya kifuani: kwa samaki aliyekomaa mapezi hayo ni magumu na hayalali ubavuni hata ukiyasukuma kwa mkono. Nduaro wa buluu hukunja yake bila shida. Pezi la mgongoni la nduaro mweusi ni fupi kuliko unavyotarajia kwa mwili wake, na mabega yake ni mazito, kama ya fahali. Samaki wakubwa sana wote ni majike. Madume hubaki wadogo.

Mahali panapojulikana kuliko pote kwa majike hao ni ukingo wa nje wa Great Barrier Reef, kaskazini mashariki mwa Australia, kuanzia nje ya mji wa Cairns hadi kisiwa cha Lizard. Msimu huanza Septemba na kuisha Desemba, na miezi mizito ni Oktoba na Novemba. Samaki hukusanyika hapo kwa ajili ya kutaga. Tarehe 25 Septemba 1966, chombo cha nahodha George Bransford kilirudi Cairns na nduaro mweusi wa ratili 1,064, yaani kilo 482 na ushei, na tangu hapo wavuvi wa dunia nzima wanaufuata mwamba huo. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi kwa fimbo na rili bado ni ya Alfred Glassell: kilo 707.6, Cabo Blanco nchini Peru, tarehe 4 Agosti 1953.

Ndani ya hifadhi ya Great Barrier Reef kuna kanda za kijani ambamo hakuna kuvua kabisa. Tangu Julai 2004 kanda hizo ni takriban theluthi moja ya hifadhi yote. Ziweke kwenye ramani ya chombo kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu ukiwa unarambaza, yaani unavuta chambo nyuma ya chombo, kando ya mwamba unaweza kuvuka mpaka bila kuona chochote majini.

Ukingo wenyewe ni kama ukuta. Upande wa ndani maji ni mafupi na yana rangi ya kijani. Upande wa nje, baada ya umbali mfupi tu, kina kinashuka hadi mamia ya mita. Ukuta huo umekatwa na milango. Maji yanapokupwa, maji ya ndani hutoka kwa nguvu kupitia milango hiyo na kukutana na maji ya buluu. Tafuta mstari huo wa rangi mbili. Tafuta pia pembe za mwamba zinazopigwa na mkondo, kwa sababu vidagaa, vibua na sehewa hujibanza hapo, na nduaro huja kuwafuata wao wala si kufuata mwamba. Nahodha mzuri hapiti mstari mmoja ulionyooka siku nzima. Anakwenda kwa kupindapinda, mara karibu na ukingo kwenye mita 40, mara nje kwenye mita 200 au 300, na akiona chambo hai kwenye mashine ya kupimia kina anakaa hapo hapo akizunguka.

Asubuhi ni ya kuvua chambo. Nduaro huanza kutafutwa karibu na adhuhuri, na saa za alasiri hadi jua kuzama ndizo zinazolipa zaidi. Pepo za kusini mashariki huvuma moja kwa moja kwenye ukingo wa nje, hasa Septemba na Oktoba, kwa hiyo chombo hulala usiku nyuma ya mwamba, kwenye maji yaliyokingwa.

Vifaa, kwa ufupi

Kwa samaki wa kilo 300 na kuendelea tumia mshipi wa daraja la kilo 60, rili kubwa yenye breki ya mkono wa kusukuma, na fimbo fupi nzito yenye roda badala ya pete. Rili ya daraja hilo huchukua mita 800 au zaidi za mshipi wa nailoni. Mshipi wa kilo 37 unafaa kwa samaki wadogo zaidi, lakini ukimshika jike wa kilo 400 kwa mshipi huo pambano litakuwa refu mno, na samaki anayechoka kupita kiasi hufa hata ukimwachia.

Zungusha kila roda ya fimbo kwa kidole kila asubuhi. Chumvi hugandisha roda, na roda isiyozunguka inasugua mshipi mahali pamoja mpaka unayeyuka. Mshipi ukikatika huku ncha yake ikiwa laini na imejikunja, sababu karibu kila mara ni joto la namna hiyo, na lawama isipelekwe kwa samaki.

Mwisho wa mshipi mkuu funga mshipi maradufu, yaani kitanzi kirefu kilichosokotwa kwa fundo lisilopunguza nguvu. Fundo la Bimini ndilo linalotumika. Kisha swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokotwe) yenye gololi na kufuli, kisha lida ya nailoni nene inayobeba kilo 180 hadi 270. Kwa kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi wa michezo, kwenye mishipi mizito kama hii lida haipiti mita 9.14, mshipi maradufu haupiti mita 9.14, na vyote viwili kwa pamoja visizidi mita 12.19. Hata kama hutafuti rekodi, fuata vipimo hivyo, kwa kuwa lida ndefu kuliko hapo ni mikunjo mingi zaidi ya kumnasa mtu sitahani.

Lida nene haifungwi fundo. Inabanwa kwa kibomba cha chuma laini chenye kipenyo kinacholingana nayo. Usibane kibomba mpaka kwenye ncha zake. Acha karibu milimita mbili kila upande zibaki wazi kama mdomo wa tarumbeta, vinginevyo ukingo wa kibomba utakata nailoni. Baada ya kubana, vuta kwa uzito wa mwili wako wote. Kikiteleza hata kidogo, kata na uanze upya.

Ndoana iwe ya mduara, isiyopindishwa pembeni, ya chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Ndoana ya mduara hunasa pembeni mwa mdomo, wakati ile ya umbo la J mara nyingi humezwa na kupasua tumbo. Kwa chambo kikubwa saizi ni 16/0 hadi 20/0. Inoe mpaka ncha ishike kwenye ukucha bila kuteleza.

Chambo: hapa ndipo siku inaposhindwa au kufaulu

Samaki wa chambo wanaofaa ni vibua wakubwa, pandu, sehewa, jodari wadogo na nguru. Uzito wa kilo 1 hadi 3 ni wa kawaida, na nguru wa kilo 5 au 6 si mkubwa mno kwa jike anayemeza jodari mzima. Chambo kiwe cha leo au cha jana. Kikitoka majini tu, kitumbukize kwenye maji ya bahari yaliyochanganywa na barafu na chumvi ya ziada. Nyama inakaza na ngozi haichuniki. Barafu tupu bila maji inakunja samaki na kuacha alama, na samaki aliyepinda hataogelea sawa.

Kabla ya kushona, kamata chambo kichwani na mkiani, kipinde kushoto na kulia mara kumi hivi mpaka uti wa mgongo ulegee. Chambo kigumu huburutwa kama kipande cha ubao, na unachotaka ni mkia unaopiga wenyewe. Toa matumbo kwa mpasuo mfupi karibu na njia ya haja, suuza kwa maji ya bahari, ushone mpasuo. Matumbo yakibaki huoza haraka kwenye joto na tumbo hupasuka saa ya pili.

Kushona mdomo na matamvua si hiari. Maji yakiingia mdomoni kwa kasi ya chombo hujaza kichwa, hufungua matamvua na kurarua chambo kwa nusu saa. Tumia shazia na uzi mnene uliopakwa nta. Pitisha uzi kutoka chini ya taya kwenda juu, mbele kidogo ya macho, kaza mdomo ufungwe kabisa, kisha shona kila kifuniko cha tamvua kwenye mwili kwa mishono miwili au mitatu.

Ndoana ya mduara haizamishwi ndani ya nyama. Hufungwa juu ya kichwa kwa kitanzi kifupi cha uzi uliopita kwenye tundu la mbele ya macho, ili ndoana ikae imelala juu ya paji na uwazi wake wote ukiwa huru. Kosa linalorudiwa sana ni kufunga kitanzi kirefu: ndoana inageuka, ncha inajichoma kwenye chambo chenyewe, na nduaro anapokuja anavuta chambo chote kutoka mdomoni bila kunaswa. Vidole viwili vipite kati ya ncha ya ndoana na ngozi ya chambo. Visipopita, funga upya.

Kuna namna mbili za kutembeza chambo. Chambo cha kuruka huvutwa kutoka ncha ya taya ya juu, kichwa kikae juu, kirukeruke usoni mwa maji kama samaki anayekimbia. Chambo cha kuogelea huvutwa kutoka chini ya taya, na risasi ya gramu 100 hadi 200 hufungwa chini ya kidevu, ili kizame kidogo na kiogelee kwa mkia. Cha kwanza huvutia macho kutoka mbali. Cha pili ndicho kinacholiwa kwa utulivu zaidi, na bahari ikichafuka ndicho kinachoendelea kufanya kazi wakati cha kuruka kinapeperushwa hewani.

Jaribu kila chambo kando ya chombo kabla ya kukipeleka nyuma. Kitazame kwa dakika nzima. Kikizunguka, hata mara moja kwa sekunde kumi, kitoe. Chanzo huwa ni tundu la uzi ambalo halipo katikati ya kichwa, au ndoana inayoegemea upande mmoja, au uti ambao haukulegezwa vizuri. Chambo kinachozunguka kinasokota mshipi mzima kupita uwezo wa swiveli, na nduaro anakifuata, anakitazama, anakiacha.

Andaa chambo sita kabla ya adhuhuri na uviweke kwenye barafu vikiwa tayari na lida zao zimekunjwa. Nduaro wawili wanaweza kuja ndani ya dakika kumi, halafu saa nne zikapita kimya. Anayeanza kushona baada ya samaki wa kwanza atamkosa wa pili.

Kurambaza

Kwenye mwamba mishipi miwili inatosha. Ya tatu hunasana na zile mbili chombo kinapogeuka, na utageuka mara nyingi. Mrengu (mti mrefu unaotokeza ubavuni mwa chombo kushikilia mshipi) wa upande mmoja ubebe chambo cha kuruka mita 30 hadi 40 nyuma ya tezi, na mrengu wa pili chambo cha kuogelea mita 15 hadi 25. Kati yao unaweza kuburuta kichokozi, yaani kitu cha kumvutia samaki kisicho na ndoana. Mwendo ni noti 5 hadi 6, yaani maili za baharini kwa saa. Chambo bandia huhitaji noti 7 hadi 9, na kwa kasi hiyo chambo halisi hakidumu. Chagua kimoja, usichanganye.

Mshipi unapanda kwenye kibanio cha mrengu na kushuka kwenye fimbo. Acha ulegee kati ya kibanio na fimbo kiasi cha mita 8 hadi 10. Ulegevu huo una kazi: nduaro akipiga, kibanio kinaachia na chambo kinabaki nyuma kama samaki aliyejeruhiwa, naye anapata muda wa kukigeuza na kukimeza kwa kichwa.

Breki hupimwa kwa mizani

Funga mizani ya springi kwenye mshipi, mtu mmoja aketi kwenye kiti cha mapambano akiwa na fimbo imepinda kama itakavyokuwa kwenye pambano, na mwingine avute mizani polepole kutoka kwenye ncha ya fimbo. Usipime kwa kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye rili, kwa sababu fimbo na roda huongeza msuguano na samaki atavuta dhidi ya vyote. Kwa mshipi wa kilo 60, nafasi ya kunasia iwe kilo 18 hadi 20, yaani theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 37, iwe kilo 11 hadi 12. Weka alama ya rangi kwenye rili mahali mkono wa breki unaposimama kwa kilo 10, kwa 20 na kwa 25, ili nahodha akisema "ishirini" mvuvi asianze kukisia. Pima tena kila asubuhi, na baada ya kila samaki, kwa kuwa joto hubadilisha breki.

Jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka limewagharimu ni hili: breki haibaki ile ile mshipi unapotoka. Nguvu ya breki iko kwenye mhimili wa rili. Mshipi ukipungua mpaka kipenyo cha mshipi kwenye bobini, yaani sehemu ya rili unapokunjwa mshipi, kibaki nusu, uzito unaohitajika kuuvuta huwa mara mbili. Ulianza na kilo 20. Sasa ni 40, na hujagusa kitu. Ongeza uzito wa maji yanayoshika mita mia kadhaa za mshipi uliojikunja nyuma ya samaki. Ndiyo sababu samaki anapokimbia mbali mkono wa breki hurudishwa nyuma, kinyume kabisa na vile moyo unavyokuambia, na hukazwa mshipi unaporudi.

Anapokula

Utaona kwanza kivuli cha kahawia nyuma ya chambo, au ncha ya mdomo wake mrefu ikikata maji. Nahodha asipunguze mwendo ghafla. Chambo kinachosimama kinamtia shaka. Rili ya chambo kinachofuatwa iwe kwenye breki nyepesi sana, kilo 2 au 3 tu, kiasi cha kuzuia bobini isizunguke kupita mshipi.

Akikichukua, mwache akimbie nacho. Hesabu taratibu mpaka tano kwa kibua, mpaka kumi kwa nguru mkubwa. Kisha sukuma mkono wa breki mbele polepole, ndani ya sekunde tatu au nne, hadi kwenye alama ya kunasia, chombo kikisonga mbele taratibu. Fimbo isipigwe juu. Ndoana ya mduara hujizungusha yenyewe hadi kwenye kona ya mdomo inapovutwa kwa utulivu, na ukiishtua inatoka kama ilivyoingia. Wavuvi waliozoea ndoana ya J ndio wanaoshindwa hapa, mikono yao ikiwahi kuliko akili.

Mshipi wa pili uondolewe mara moja, pamoja na kichokozi. Mvuvi akae kwenye kiti, kitako cha fimbo kiingie kwenye kikombe, mkanda ufungwe kwenye rili. Mtu mmoja asimame nyuma ya kiti akikielekeza ili fimbo daima ielekee mahali mshipi unapoingia majini.

Pambano

Mbio za kwanza zinaweza kuchukua mita 200 hadi 400 na miruko kadhaa. Wakati huo hakuna cha kuzungusha. Kaa, rudisha breki kidogo akienda mbali sana, na angalia mshipi. Mahali mshipi unapoingia majini si mahali samaki alipo. Anaweza kuwa anaruka upande wa kulia huku mshipi ukielekea nyuma, kwa sababu maji yameushika na umejikunja kama upinde. Nahodha afuate upinde, siyo samaki: akimkimbilia samaki moja kwa moja, upinde unazidi kuwa mkubwa na mshipi unakatwa na uzito wa maji peke yake.

Chombo kikirudi kinyumenyume kumfuata, mshipi ukae upande mmoja wa tezi, kushoto au kulia, kamwe usiwe katikati kabisa. Samaki akigeuka ghafla kuja kwenye chombo, mshipi ulio katikati hupita chini na kukutana na rafadha. Funga vifuniko vyote vya sitaha ya nyuma kabla ya kurudi nyuma, kwa kuwa mawimbi ya kusini mashariki yatapanda tezi.

Mvuvi hapigani kwa mikono. Miguu inyooke kwenye ubao wa kukanyagia, mgongo uegemee nyuma ili uzito wa mwili uinue fimbo, kisha mwili urudi mbele na rili izungushwe mizunguko miwili au mitatu fimbo inaposhuka. Vipande vifupi na vya haraka ni bora kuliko kuvuta kukubwa kunakompa samaki nafasi ya kupumzika. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kiongoze mshipi ujipange sawasawa kwenye bobini. Mshipi ukijilundika upande mmoja utagusa fremu ya rili na kukwama, na rili iliyokwama kwenye kilo 20 inakata mshipi kabla hujapiga kelele.

Baada ya dakika 15 hadi 20, samaki akiwa karibu na mshipi mwingi umesharudi, wavuvi wenye uzoefu hupandisha breki hadi kilo 25. Kupita kilo 30 kwenye mshipi wa kilo 60 ni kucheza na fundo. Lengo ni kummaliza mapema akiwa bado na nguvu ya kuishi.

Akizama wima na kukataa kupanda, kuvuta juu tu hakusaidii. Sogeza chombo mbele mita 50 au zaidi, breki ikishikilia, ili mshipi uingie majini kwa pembe badala ya wima. Kichwa chake kinageuzwa na anaanza kupanda. Rudi nyuma taratibu huku mvuvi akizungusha, kisha rudia. Kama hapigi tena na anapanda kama gogo, huenda amekufa au lida imemzunguka mkia, na kwa hali hiyo njia ni hiyo hiyo, kwa subira.

Papa huja. Kwenye mwamba hawaepukiki, na damu au samaki aliyechoka huwaita. Ukiona papa wamekusanyika na samaki bado yuko mbali, fungua breki: nduaro asiyevutwa anaweza kuwakimbia, anayevutwa hawezi.

Kushika lida

Hapa ndipo watu huumia, na wapo waliovutwa baharini na wasirudi. Mshika lida avae glovu nene zinazobana mkono, asivae saa wala pete, na mfukoni awe na kisu anachokifikia kwa mkono wowote. Lida izungushwe kiganjani mara moja au mbili, kwa namna ambayo ukifungua vidole na kugeuza kiganja kuelekea samaki inachomoka yenyewe. Usizungushe juu ya mzunguko mwingine kwa kuupita. Hapo lida inajifunga na mkono wako unakuwa sehemu ya samaki.

Lida iliyovutwa itupwe majini, isiachwe sitahani. Mtu mwingine yeyote akae upande wa omo wa kiti, mbali na mikunjo. Chombo kiwe kwenye gia kikisonga mbele noti 2, ili samaki aogelee sambamba na asipite chini.

Mara mshika lida anapokamata, mvuvi arudishe breki hadi kilo 8 au 10 na abaki kwenye kiti, akiwa bado amefungwa mkanda. Samaki akichomoka kwa nguvu na lida ikaachiwa, breki nyepesi inachukua mshtuko. Breki ikiachwa kwenye 25, ndoana inararua au mshipi unakatika, na hilo ndilo huwapata wengi wanaodhani kazi imekwisha.

Usimvute kwa nguvu zote mwanzoni. Mlete kwa urefu wa mikono, pole pole, na akitikisa kichwa mwachie aende mita chache. Akiruka karibu na tezi, fungua mikono yote. Mdomo wake ni mkuki.

Kumwachia

Tagi, yaani alama ya kumtambua samaki akivuliwa tena, huchomwa kwenye misuli ya bega, chini ya pezi la mgongoni, mbali na kichwa na matamvua. Asitolewe majini, uzito wake mwenyewe humwumiza viungo vya ndani. Kata lida karibu kabisa na ndoana, au uitoe kama ipo kwenye kona ya mdomo na inaonekana.

Samaki mwenye rangi ya kahawia iliyofifia na mkia usiopiga amechoka. Mshike mdomo kwa glovu, ncha ikielekea mbali na mwili wako, chombo kisonge mbele noti 2, maji yapite kwenye matamvua. Rangi ya buluu ikianza kurudi mabegani na mkia ukapiga kwa nguvu mara kadhaa, mwachie. Inaweza kuchukua dakika kumi. Usikate tamaa dakika ya tatu.

Uzito unakisiwa kwa urefu kutoka ncha ya taya ya chini hadi kwenye panda ya mkia, na mzunguko wa mwili mahali penye unene zaidi. Zidisha urefu kwa mzunguko kisha kwa mzunguko tena, vyote kwa sentimita, gawa kwa 28,900, na jibu ni kilo. Samaki wa urefu wa sentimita 350 na mzunguko wa 195 anakuwa karibu kilo 460, yaani amepita kidogo ratili elfu moja. Kwa samaki aliye majini, pima urefu kwa kamba yenye alama iliyolazwa ubavuni mwake, na mzunguko ukisiwe kwa uangalifu. Kuongeza sentimita 10 za mzunguko kwa samaki huyo kunampa kilo 48 ambazo hana.

Kabla ya chambo kingine kwenda majini, pitisha mita 50 za mwisho za mshipi kati ya vidole viwili. Ukihisi ukwaruzo wowote, kata hapo, funga mshipi maradufu upya, badilisha lida hata kama inaonekana nzima, na acha rili ipoe kabla ya kurudisha mizani kwenye breki.